Kinu Kilipaa, Mchi Ukabaki

Kwa Silasi Mwandu,
Manyamanyama, Bunda,
Mara.
9 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Ghati,

Habari za huko Denmaki? Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuachia. Sisi hatujambo. Mume wangu Silasi anauguza goti, lakini pamba ameshaiuza na sasa anashinda na ng'ombe. Mama naye ni mzima kule Butiama. Ningekupigia simu, ila kwenye simu unanichekesha mapema, na safari hii sitaki kuchekeshwa.

Nina wivu, Ghati. Nimekaa nao moyoni tangu siku ile ya uwanja wa ndege wa Mwanza, nikaona utanipa vidonda vya tumbo bure, bora nikuandikie.

Kinu kile cha mama, mimi ndiye niliyekitumikia. Nilitwanga udaga wa muhogo na kisamvu mpaka viganja vikatoka malengelenge, na wewe mgongoni kwangu unalia. Siku zote nilijua kitakuwa changu, sikuwahi hata kuuliza. Kisha umekuja likizo fupi, mama akakutolea kinu na mchi wake mbele ya watu wote. Nilipomfuata jikoni akaniambia, "Wewe Rhobi uko karibu, unakujaga. Huyu akienda anakuwaga peke yake." Yaani kosa langu ni kukaa karibu.

Na unamjua mama, chombo hakitoki kwake kitupu, hata kama kinakwenda kupanda ndege. Alikishindilia unga wa muhogo na mtama hadi mdomoni, akafunika na khanga, akafunga mchi ubavuni kwa kamba kama mzigo wa kwenda Kibara kwa basi. Hata kaka Felisian, mjuaji wa kila kitu, hakuthubutu kumwambia lolote.

Yaliyotokea Mwanza unayajua, lakini hukuyaona kwa macho yangu. Dada wa kaunta aliuangalia ule mzigo, akamwita mwenzake, wakaupima kwa mizani na kwa tepu. Uzito umezidi, urefu umezidi. Akaeleza kwa upole kwamba kinu kitapita kwenye dirisha la mizigo mikubwa kama unga utatolewa. Mchi hauwezi. Ukifungwa na kinu ni mrefu mno, na ukienda peke yake ni mzigo mwingine ambao tiketi yako haina.

Nilidhani unga utauacha. Wewe ukachuchumaa pale sakafuni, ukafungua sanduku, na ili unga wa mama upate nafasi ukatoa gauni la kitenge. Gauni nililokushonea kwa cherehani yangu, na ile kola nikaifumua mara mbili ikae sawa. Ukanikabidhi pamoja na mchi, ukasema, "Dada, nitunzie, nitavifuata siku nyingine." Kinu kikazungushiwa nailoni, wapagazi wakakisukuma. Unga wa mama ukapanda ndege, gauni langu likarudi Bunda kwa basi.

Sikufichi, mchi ulivyobaki nilifurahi. Nilikaa nao kwenye basi katikati ya magoti, abiria mmoja akaniuliza kama nakwenda kupigana. Nikamwambia ndiyo. Nikawa nawaza, huko kwenye barafu atatwangia nini sasa.

Nilipompelekea mama mchi wake aliupokea, akacheka kidogo, kisha akatazama pale kinu kilipokuwa kinasimama. Imebaki alama ya duara tu sakafuni. Mimi na wivu wangu sikuwa nimefikiria kwamba mama naye amebaki bila kinu.

Tangu hapo kila Jumamosi anapanda gari kutoka Butiama na mchi wake, anakuja kutwanga kwenye kinu changu kidogo cha hapa Bunda. Binti yangu Jenipher ndiye anayempokea stendi. Nikajiona nimeshinda, nina mchi na mama ninaye. Lakini kazi nzima ni habari zako. Ghati anakulaga nini, Ghati analalaga saa ngapi, kinu amekiweka upande gani wa nyumba. Tunapokezana mchi, mimi nimenuna.

Jumamosi iliyopita nikavaa lile gauni. Linanibana kwapani, lakini nililivaa kwa hasira tu. Nilikuwa nimeinama napepeta, mama akaita nyuma yangu, "Ghati, hebu pokea mchi, nimechoka." Nikasubiri ajisahihishe. Hakujisahihisha. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sijaisikia tangu uondoke. Nikaitika, "Abee mama," nikapokea mchi, nikatwanga.

Kinu sikidai tena, kaa nacho. Gauni nimelifumua kwapani, nikaliongeza kidogo, nilivae na Jumamosi ijayo. Lakini usinunue mchi huko, wala usichongeshe. Njoo ufuate huu, uitikie jina lako mwenyewe.

Silasi na Jenipher wanakusalimu, kaka Felisian na mkewe Eunice pia. Shangazi Nyamhanga wa Murangi anauliza kama huko kuna samaki wa kueleweka. Mungu akukinge na baridi hiyo, akupe majirani wema, akurudishe mama angali anatwanga.

Wako akupendaye, hata nikiwa nimenuna,
Dada yako Rhobi