Kichupa Ulichorudisha Masumbwe

Mwaka mmoja umetimia, mjukuu wetu Philomena, tangu mto uliofurika ulipokuchukua ukitoka kazini Masumbwe, Januari 1998. Mvua za safari hii zimekuja kwa upole. Mahindi yamekaa vizuri, na kila nikiyapita nasema, angekuwapo angeomba ya kuchoma hata kabla hayajakomaa.

Wengi walikuita Daktari. Sisi hapa nyumbani Shinyanga tulikuita mayu, yaani mama, kwa sababu ulibeba jina la mama yangu. Tangu udogo hukuweza kumpita mgonjwa bila kumsalimia. Hata ulipopata kazi ya utafiti katika maabara ya hospitali, ulisugua mikono ipate joto kabla ya kumgusa mtoto. Nililiona hilo nikaliweka moyoni.

Kazi yako ilikuwa uvimbe wa taya, huu unaowashika watoto wa kwetu ukalegeza meno na kufunga jicho. Ulinieleza kwa maneno ninayoyaelewa: kuna kirusi kinachoingia mwilini utotoni. Kwa watu wengi kinakaa kimya, lakini kwa baadhi ya watoto, hasa wanaoandamwa na malaria, huenda ndicho kinachoamsha uvimbe. Mlitaka kujua kwa nini hawa na si wale. Ulisema pia kwamba uvimbe huo husikia dawa upesi, mradi mtoto awahi. Hilo la kuwahi ndilo lililokusumbua.

Maana watu waliogopa. Siku uliponichukua twende wote Masumbwe, tulimkuta Mabula, mchimbaji mdogo wa dhahabu, amesimama mlangoni kwake. Nyuma yake alikuwa mwanawe Amosi, shavu limejaa kama ameweka yai mdomoni. Mabula alikuwa na hasira, lakini alinipa shikamoo kwanza.

"Damu ya mwanangu na nyama yake mnapeleka wapi?" alikuuliza. "Kwa matajiri wa mashimo, wapate dhahabu?"

"Shemeji, dhahabu ingekuwa inakuja kwa damu, ningefika na gari bovu la kusukumwa kama hili?"

Majirani walicheka, yeye hakucheka. Alisema kwao kitu cha mwili wa mtu, hata ukucha, hakitoki kwenye kaya kikapotea. Kinafukiwa nyumbani, mchawi asikiokote. Hukumbishia. Uliketi chini, ukafikiri, kisha ukamwambia, "Nipe kipande kidogo tukitazame kwa darubini. Kitakachobaki nitakirudisha kwa mkono wangu, ukifukie mwenyewe."

"Na usiporudi?"

"Bibi yangu huyu hapa. Mshike."

Nikasema nimekubali kushikwa, mradi kuna uji. Hapo ndipo Mabula naye akacheka, akamsogeza Amosi mbele.

Gulnaz, Mama Shaheen, mwenye duka pale Masumbwe, alitoa soda zake kwenye jokofu ili barafu ya sanduku lako la kubebea vipimo ipate nafasi. "Soda ya moto haijamuua mtu," alisema. Tangu siku hiyo kila ulipopita ulikuta barafu inakungoja.

Majibu yalipotoka, Amosi alilazwa akaanza dawa ya dripu, na shavu likashuka huku kila mtu akiona. Wenzako wa maabara walisema kichupa chenye kipande kilichobaki hakina kazi tena, na gari haliwezi kwenda mbali kote huko kwa ajili yake. Ukapanda lori la mizigo, ukampelekea Mabula kichupa chake. Alikifukia nyuma ya nyumba, akanawa mikono, akakupa kuku.

Baada ya hapo wazazi walileta watoto wao wenyewe, wengine kutoka upande wa Bulyanhulu, wakiuliza, "Yuko wapi yule anayerudisha?" Ulimrudishia kila aliyeomba.

Mayu, mto ulipokuchukua tuliambiwa tungoje maji yapungue. Nilikaa msibani bila mwili wa kuzika. Mabula hakungoja. Alikusanya wachimbaji wenzake, wakachukua kamba zao za kushukia mashimoni, wakaufuata mto ndani ya tope hadi wakakuona. Walikuleta Shinyanga umefunikwa khanga mpya za dukani kwa Mama Shaheen. Nilipomshukuru, Mabula alinijibu, "Bibi, huyu alinirudishia kipande kidogo kuliko ukucha. Mimi nimwache yeye mzima mtoni?"

Kwa hiyo umelala nyumbani, karibu na mahindi. Juzi Amosi alikuja na baba yake kukusalimia. Taya lake limepona. Nilimchomea hindi bichi, akaketi kando ya kaburi lako akalitafuna lote, hakubakiza punje.

Unakumbukwa na bibi yako Paskalia, mumeo Cornel, mwanao Agnetha, kaka yako Donatus na dada yako Scolastika, pamoja na Mama Shaheen na kaya yote ya Mabula.

Pumzika, mayu. Siku zote tutakukumbuka, wewe uliyerudisha.