Mshiriki wa Sitini

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sitakuuliza kama hujambo, maana jibu lake nalijua. Nauliza tu kama miguu imepungua kuvimba, kama unakula japo kidogo, na kama dada anakukumbusha dawa za presha. Mimi mwili ni mzima. Nilirudi kazini Jumatatu, wenzangu wakanipokea kwa huruma nisiyoistahili.

Dada ameniambia kwa simu bado unalala kwenye kochi sebuleni, chumbani hutaki kuingia. Kila anayekuja kutoa pole unamweleza yaleyale: kwamba ungelala karibu na baba ungempiga kiwiko kama miaka yote, naye angevuta pumzi na kuendelea na usingizi wake. Simu ilipokatika nililia pale ofisini, mlango wazi, watu wakipita.

Kazi yangu, mama, unaijua kwa utani wenu, kwamba nalipwa kusikiliza watu wakikoroma. Baba alishikilia kuwa yeye hakoromi, anafukuza wezi. Tunachotafuta hasa ni watu ambao pumzi hukatika usingizini. Wanafungwa mkanda kifuani na mrija mdogo puani, wanalala navyo kwao usiku saba, kisha mimi nasoma michoro ya pumzi zao kwenye kompyuta. Anayeonekana yuko hatarini huitwa siku hiyohiyo na kupewa mashine ndogo yenye barakoa, inayompulizia hewa ili koo lisizibe.

Tulihitaji watu sitini. Nilipata hamsini na tisa, na muda ukaniishia. Kanuni inakataza ndugu wa mtafiti, nami nikamwandikisha baba kwa jina lake la utotoni. Alifurahi kama aliyeitwa timu ya taifa, akazunguka nyumba nzima na mkanda juu ya fulana. Wewe nikakuomba uhamie chumba cha wageni, kiwiko chako kisije kikaharibu vipimo. Wiki ilipokwisha ukabaki hukohuko. Uliniambia hujalala vizuri namna ile tangu uolewe, tukacheka sana.

Sasa nisikilize vizuri. Mchoro wake niliusoma Alhamisi, siku tisa kabla hajafariki. Pumzi ilikuwa inakatika mara arobaini kwa saa. Pengo moja lilifika sekunde hamsini na mbili. Nililipima mara tatu, nikitumaini nimekosea. Nilipaswa kuinuka papo hapo nimwambie mkuu wangu. Lakini angemwita baba, na sura yangu na ya baba ni moja, angejua mara moja. Kazi ya miaka minne ingefutwa, nami ningefukuzwa. Nikajipa siku kumi na mbili: nikishakabidhi ripoti, nitampeleka mwenyewe hospitali nyingine. Nikajiambia amekoroma maisha yake yote, siku kumi na mbili ni nini.

Jumapili nikaja kula nyumbani kama kawaida. Ulipokwenda jikoni aliniuliza kama amefaulu ule mtihani wangu.

Nikamwambia, "Umefaulu, baba."

Mashine mbili zilikuwa kabatini ofisini, nyuma ya kiti changu, hazina mtu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Hata kuiba moja sikuthubutu, mama, kwa sababu zinahesabiwa.

Daktari alisema moyo ulisimama usingizini. Kama mashine ingemwokoa, sijui. Katika kazi yetu hakuna awezaye kuapa. Ninachojua ni kwamba wewe ulipompelekea chai asubuhi ile hukuwa na habari ya chochote, na mimi nilikuwa nimejua kwa siku tisa. Hata chumbani ni mimi niliyekutoa.

Leo asubuhi nimemweleza mkuu wangu yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akaniomba ufunguo.

Nitakuja Ijumaa kwa basi la kwanza. Usipotaka kuniona, mwambie dada anieleze mlangoni, nitageuka bila neno. Msamaha siuombi kwa barua. Naomba uingie chumbani kwako ulale. Na akija mtu kutoa pole, ukifika pale unapojitaja wewe, nitaje mimi.

Nisalimie dada na wanawe, na jirani anayekuletea uji. Usisahau dawa.

Ni mimi mwanao,
kitindamimba wako.