Lori Tulilolivuta kwa Wimbo

Jumatatu, 4 Agosti

Mvuke tena. Sufuria, majani ya mkaratusi, taulo kichwani. Nimevuta mpaka machozi yakatoka, kisha nikajaribu. Aaa. Imetoka kama bawaba isiyotiwa mafuta. Nikajaribu tena, ikakatika katikati. Nikafunika sufuria nikaenda kwenye cherehani.

Sare za shule hazingoji sauti ya mtu. Makola asubuhi, vifungo mchana.

Komora amepita. Ni mpiga ngoma wetu na mwenyekiti wa kikundi, na tangu achaguliwe anatembea mikono nyuma kama mkaguzi. Habari yake: Jumamosi ya wiki ijayo kuna tamasha uwanjani hapa Garsen, na tumealikwa. Watu wanataka Wimbo wa Lori. Wimbo wangu mimi, nilioutunga mimi. Kwanza akalitazama kovu la shingoni, ndipo akanitazama usoni. Akasema ataimba Neema, mwimbaji mwenzangu kikundini. Na Neema akishauimba mbele ya mji, utabaki kwake. Wimbo mmoja hauwezi kuwa na waimbishaji wawili.

Nimekataa. Nimesema nitaimba mimi. Sijui nitaimba na koo lipi.

Jumatano, 6 Agosti

Acha niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Neema anaimba vizuri kuliko mimi nilivyoimba nilipokuwa mzima. Na wala si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningepata usingizi.

Mwaka jana walinipasua Malindi kuondoa uvimbe wa shingo. Uvimbe ukaenda, na sauti ikaenda nao. Daktari alinionya kabla. Sina wa kumlaumu, na hilo ndilo linaniudhi zaidi.

Ninayoililia ni ile sauti ya mwisho. Mwaka ule wa mafuriko tulikuwa tunakwenda uwanjani kwa lori la maembe la Abdalla, spika na ngoma nyuma. Likazama kwenye tope pale karibu na soko, watu wameshafika wanatungoja. Nikaanza kuimba hapo hapo, juu ya lori. Watu wakaja na kamba. Wapokomo wa mtoni, Waorma wenye ng'ombe, wapita njia waliokwama mjini kwa sababu ya maji. Nikiita "Nani yuko ng'ambo?" wanajibu "Tuko!" na kuvuta. Lori lilipotoka nilipandisha sauti ya mwisho nikaishikilia mpaka kichwa kikazunguka. Mji wote ukanyamaza kuisikiliza.

Ile ndiyo nitairudisha. Siku kumi zinatosha au hazitoshi, nitajua mbele.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku mbaya.

Nilitaka kutiwa moyo, nikaenda kuuliza watu wanakumbuka nini kuhusu siku ya lori. Nilidhani nitakula sifa nishibe. Abdalla amesema anakumbuka tope, na ukanda wa feni uliokatika. Mwenye duka la vitambaa anakumbuka kandambili yake ya kushoto iliyobaki kwenye matope, na kwamba aliyemshika asianguke ni mchungaji wa Kiorma ambaye wiki ile ile waligombana juu ya mahindi yaliyoliwa na ng'ombe. Fundi wa baiskeli alisema "Tuko! Tuko!" akacheka peke yake.

Sauti ya mwisho? Ipi?

Nikamaliza kwa Mama Bonaya, Muorma anayeniletea maziwa. Huyo hadanganyi hata kwa adabu.

"Sauti yako mimi sikumbuki. Mimi nakumbuka mkono yangu. Iliwaka moto siku mbili."

Nikarudi nyumbani nikakaa juu ya kitanda na viatu miguuni. Mwaka mzima nimelilia kitu ambacho hakuna aliyekisikia. Mji haukunyamaza kunisikiliza. Ulikuwa unahema.

Nina hasira. Na nani, sijui.

Jumapili, 10 Agosti

Hewani, kijijini kwetu. Nimekwenda na bodaboda baada ya ibada.

Nilifuata kitu kimoja kwa Baba. Zamani mtumbwi ukichongwa huko msituni, lazima uvutwe mpaka mtoni, na Baba ndiye aliyekuwa mwitaji wa kuvuta. Watu wa vijiji vya jirani walikuwa wanakuja kumchukua. Na Baba hana sauti, hajawahi kuwa nayo. Anakwaruza kama jogoo mwenye kifua. Marehemu Mama alimpiga marufuku kuimba ndani ya nyumba.

Nimemuuliza aliwezaje. Alikuwa anamenya muhogo, hakuinua macho. Amesema mwitaji anaita kifupi halafu anafunga mdomo. Kazi ni ile ya kufunga mdomo. Ukiendelea kuita wakati wao wanavuta, unawaibia pumzi. Amesema mimi tangu utoto nilikuwa siwezi kufunga mdomo, hata nikila.

Nimenuna. Lakini nimeomba anifundishe, na tumekaa uani jioni nzima, yeye anakwaruza na mimi nakwaruza, mbuzi wa jirani wakasogea mbali. Kwa maneno mawili matatu sauti yangu inafika. Zaidi ya hapo inakatika.

Basi nitaita kifupi. Inatosha.

Jumatano, 13 Agosti

Haikutosha. Nimeharibu mwenyewe.

Niliita watu mazoezini leo alasiri, wawe mbegu ya kuwaongoza wengine Jumamosi. Nikawaita kanisani kwetu, kwa sababu ndipo tunapofanyia mazoezi kila siku, wala sikufikiri. Nikawapanga mistari kama kwaya, sauti ya kwanza huku, ya pili kule. Nikawafundisha beti zote kwa Kipokomo. Nilifurahi jinsi wa kwetu walivyoshika haraka.

Mama Bonaya alikuja na akina mama wenzake watano wa maziwa. Wamesimama mlangoni na ushungi wao, mikono kifuani, wapole kama wageni kwenye matanga ya watu wasiowajua. Niliwapungia waingie. Hawakuingia. Nikaendelea kufundisha. Nilipogeuka tena mlango ulikuwa mtupu.

Nikamkimbilia barabarani. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika.

"Mimi nilifikiri ni kuvuta," amesema. "Kumbe ni kanisa."

Halafu akaniambia kwao, ng'ombe wakinyweshwa kisimani, wanaume hushuka mmoja chini ya mwingine wakipeana ndoo na kuimba. Hakuna anayekaa juu kusikiliza. Ukikaa juu kusikiliza, ng'ombe atakufa kiu.

Nimeona haya mpaka masikioni. Watu walewale walioshika kamba moja, mimi nimewafungia mlango kwa beti.

Komora naye alikuwapo. Alinisikia nikikatika kwenye ubeti wa pili. Amesema, kwa upole, asiyekubali kushindwa si mshindani. Upole wake ndio ulionichoma. Neema aliangalia chini.

Alhamisi, 14 Agosti

Sikushona. Nilikwenda kuangalia uwanja. Wanafunga mahema. Viti vya plastiki vimepangwa toka mbele mpaka nyuma, maji ya chupa kwa wageni, jukwaa la mbao mbali kama liko ng'ambo ya mto. Watu wakikaa hapo watapiga makofi kwa adabu na kwenda zao. Mwaka ujao hakuna atakayekumbuka hata rangi ya nguo.

Nikakumbuka jambo ambalo Baba hakulisema kwa kuwa kila mtu Hewani analijua. Siku ya kuvuta mtumbwi hakuna mtazamaji. Ukifika pale mikono mitupu unapewa kamba, uwe mgeni, uwe mwalimu, uwe bibi harusi. Hutaki, unaondoka.

Kamba. Mimi nimekuwa nikitafuta sauti, kumbe nilipaswa kutafuta kamba.

Nimerudi Hewani jua likiwa kali. Baba amenipa ile ya mkonge, nzito, inanuka moshi. Ameniambia nikiirudisha fupi nisirudi na mimi.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimegombana na watu tangu asubuhi na nimeshinda nusu.

Abdalla amekubali lori. Alicheka kwanza, halafu akaniuliza kama nina wazimu, halafu akaenda kuliosha. Atakaa kwenye usukani mwenyewe, mguu karibu na breki. Uwanja ni tambarare.

Komora alishika kichwa. Kamba katikati ya wakulima na wafugaji? Nataka kuona vita vya kuvutana mbele ya mgeni rasmi? Nimemwambia hakuna kuvutana. Kamba itafungwa kwenye lori, wote wanavuta upande mmoja. Akasema lori halijazama. Nikasema halihitaji kuzama, linahitaji kuzimwa tu. Ngoma zetu na sisi tutakuwa juu yake.

Tumekubaliana hivi: wimbo wa kwanza ni wangu. Watu wasipoitikia, Neema anapanda jukwaani, muziki unatoka kwenye flashi, na Wimbo wa Lori ni wake tangu hapo. Nimempa mkono.

Jioni nilikwenda kwa Mama Bonaya. Nimeomba radhi kwa jambo la kanisa. Nimemwambia kesho hakuna ubeti, kuna "Tuko" tu na kamba. Hakuahidi. Alisema ataona maziwa yakiisha.

Sijajaribu sauti leo. Iliyopo ndiyo hiyo.

Jumapili, 17 Agosti

Jana sikuandika. Kalamu haikushikika.

Naanza mwanzo. Lori lilisimama nyuma kabisa ya viti. Sisi juu. Watu wamekaa chini ya hema, shingo wamezigeuza kuangalia ni nini tena. Wafugaji upande wa kivulini karibu na ua, wa kwetu upande wa jukwaa, kama kawaida yao. Nikaitupa kamba chini kutoka juu ya lori. Ikaanguka kwenye vumbi, ikalala pale.

Hakuna aliyesimama.

Niliita. "Nani yuko ng'ambo?" Kwa sauti ile ile ya bawaba, kwenye kipaza sauti, mji mzima ukaisikia ilivyo. Kimya. Mtoto mmoja alicheka. Nilimwona Komora akimtazama Neema. Nilitaka kuita tena haraka, kujaza kile kimya. Nikafunga mdomo. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Mama Bonaya akatoka kivulini. Aliweka dumu lake chini polepole, akalisogeza lisipigwe teke, akakunja mikono ya nguo, akaokota kamba. Peke yake. Akageuka akawaambia watu wake kitu kwa Kiorma, kwa ukali, wakacheka. Wakaja wawili, halafu watano. Mwenye duka la vitambaa akavua viatu kabisa safari hii akakimbilia. Viti vikaanza kuanguka. Mgeni rasmi naye alipewa kamba, na aliyempa ni fundi wa baiskeli.

Nikaita mara ya pili. "Tuko!" Lori likatikisika chini ya miguu yangu.

Mara ya tatu sauti ikaisha. Haikukatika, iliisha. Nilifungua mdomo ikatoka hewa tupu. Nilijua ndio mwisho, na wimbo nimeupoteza. Lakini kutoka huko mbele, kwenye kichwa cha kamba, mwanamke akaita badala yangu, simjui hata sasa. "Nani yuko ng'ambo?" Wakajibu wote. Halafu mzee mmoja akaita. Halafu Neema, kutoka pembeni yangu, mara moja tu, kisha akanyamaza kama Baba. Mimi nikashuka. Nikaruka chini na gauni langu, nikashika kamba nyuma ya mtu nisiyemjua, kisigino chake kikinikanyaga.

Tulilivuta mpaka mbele ya jukwaa. Mahali pa sauti ya mwisho hakukuwa na sauti ya mwisho. Watu walikuwa wanahema na kucheka, wakionyeshana viganja.

Komora alikuja leo asubuhi na maembe mawili, akayaweka juu ya cherehani, akaondoka. Mikono mbele.

Jumatano, 20 Agosti

Mvuke, kwa mazoea. Viganja vimeanza kukauka, lakini sindano bado inaniuma. Kamba nimeirudisha jana, ndefu vilevile. Baba aliipima kwa mikono kabla ya kunikaribisha ndani.

Mama Bonaya ameleta maziwa. Amekaa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo si kawaida yake. Amesema mji mzima unazungumza kuhusu sauti yangu. Amesema imerudi yote, na ni tamu kuliko ya mwaka ule wa maji. Ile ya mwisho hasa, ndefu, ilimsimamisha nywele.

Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania.

Nikatoa simu. Neema alinitumia video aliyorekodi mtu wa kwenye viti. Nikamwekea. Tumeisikiliza pamoja: mkwaruzo wangu mara mbili, halafu siko. Vumbi, ngoma, watu. Hakuna ya mwisho.

Ametazama mpaka ikaisha. Akanirudishia simu kwa huruma.

"Simu yako hii mbovu," amesema. "Haikushika. Mimi nilikuwa pale."

Sikumbishia. Nimeizima, nikaleta chombo, akanimiminia maziwa.