Ng'ombe wa Baba Yako na Chemchemi ya Huku

Mwanangu Rwegasira,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo, baba? Mkeo hajambo, na mtoto kile kifua kimeacha kumbana? Hapo Buhembe mvua mmepata? Mimi nipo, mgongo tu ndio unanisumbua. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kisomo cha watu wazima kimenifaa, ila usicheke herufi zangu.

Baba, sina raha. Ni habari ya ng'ombe.

Unajua nilipokubali kuja huku kijiji kipya, mbele ya Muleba, ili wewe ubaki na kibanja, shamba letu la migomba, tulipewa viwanja kwenye rweya, nyasi tupu. Tukapanda migomba kama tulivyozoea nyumbani. Ya wenzangu imekuwa ya manjano, imesimama tu kama fimbo. Udongo wa rweya hauna kitu. Yangu inazaa kwa sababu ya samadi ya huyu ng'ombe aliyekuachia baba yako. Bila yeye nitakula nini?

Sasa chemchemi yetu imeharibika. Ng'ombe wanapanda mlima ulio juu yake, wanakula nyasi mpaka mizizi, mvua ikinyesha tope lote linashuka majini. Watoto wanaharisha. Mtoto wa jirani yangu, Ma Yustina, tulimbeba mpaka zahanati, mwepesi kama kikapu kitupu.

Basi bwana shamba akaja, akaita mkutano. Akasema serikali italeta majembe na miche ya miti, sisi tutoe nguvu zetu, tuchimbe makinga maji kwenye shamba la kijiji. Nikasimama. Sijui ujasiri niliupata wapi. Nikasema, "Bwana shamba, asante, lakini kwanza chemchemi. Hayo makinga tutayachimba tumekunywa nini?" Wanawake wakapiga vigelegele. Bwana shamba akakuna kichwa, akasema haya, kama ndilo mnalotaka, miche ianzie huko, na ule mlima ufungwe, asipite mnyama.

Ndipo Ta Petro, mzee mmoja mwenye maneno, akasema, "Na wenye ng'ombe watoe zaidi, maana tope ni la kwato zao. Mama wa Buhembe, wako anakula kama ofisa!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kumbe hakuwa anatania. Wakapitisha hivyo hivyo: kupanda miti ni kwa kila mtu, lakini mwenye mfugo amfungie nyumbani amkatie majani bondeni, au amtoe aende zizi la kijiji. Na samadi ya zizi hilo inakwenda shamba la kijiji, si kwenye migomba yangu.

Nimejaribu kumkatia majani. Bonde liko mbali, mzigo naushusha njiani kila mara. Anakonda. Akiniona analia, nami naingia ndani nisimsikie. Ma Yustina akaninong'oneza, "Mpeleke mlimani alfajiri, nani atakuona?" Yeye, ambaye mtoto wake tulimbeba! Nikamwambia, "Yustina, unanipenda vibaya."

Ng'ombe ni wako, siwezi kumtoa bila neno lako. Ukimtaka, njoo umswage mwenyewe, apate kula huko kwenu. Ukisema aende zizini, nitampeleka. Ila usiniambie nisubiri, yeye hawezi kusubiri. Na usije ukaniombea kwa mwenyekiti nisamehewe. Maneno yale niliyasema mimi, mbele ya watu.

Nisalimie shangazi yako Ma Anastazia, mwambie mkeka wake ndio ninaoulalia. Baba yako mdogo Ta Klementi, mwambie apunguze pombe, ini lake nalijua. Mkwe wangu asimwachishe mtoto ziwa mapema. Wote nawabusu.

Ni mimi mama yako, ninayekuwaza kila nikishika panga la majani.

Nimesahau kukwambia. Leo asubuhi nimeenda kuchota, nikauona mkono wangu ndani ya maji mpaka kucha.