Bodi Imekufa, na Mzee Hana Njia ya Kuongea

Alhamisi, jioni. Mvua ilianza mchana na haionyeshi dalili ya kukatika. Naandika kwa simu nikiwa kwa benchi nje ya wodi, na vidole vyangu bado vinanuka vumbi la kompyuta. Nimenawa mara mbili. Harufu haitoki.

Naogopa. Wacha niseme hilo kwanza ndiyo nisilizunguke.

Mliozoea kunisoma hapa mnajua naishi Kapsoya, hapa Eldoret, na baba mkwe wangu. Mume wangu, Kiplagat, yuko upande wa Lodwar na watu wa kuchimba visima, huja nyumbani mwisho wa mwezi. Mzee alipigwa na kiharusi mwaka juzi. Upande wa kulia ukafa, na ulimi ukaenda nao. Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu kule Sugoi, mtu wa sauti ya kufika ng'ambo ya shamba, na sasa akifungua mdomo anaguna tu. Lakini akili yake haikuguswa. Anaelewa kila kitu, hata yale tunayosema jikoni tukidhani hasikii.

Kwa hivyo anaongea kwa kompyuta. Ni ile ya mezani ya zamani, sanduku jeusi zito alilonunua kabla ya kustaafu. Kiplagat alifunga bamba la plastiki juu ya kibodi, limetobolewa tundu kwa kila herufi, ndiyo mkono wa kushoto, ambao hutetemeka, upate pa kuegemea bila kubonyeza herufi tano kwa mpigo. Kidole kimoja tu. Anaandika: "chai haina sukari." Anaandika: "funga dirisha, kuna mtu anapika omena." Mtu wa omena, dagaa wa kwetu, ni mimi, na anajua.

Simu aliikataa, kidole kinateleza. Laptop tulijaribu, akaisukuma kando kama sahani ya chakula kibaya.

Jumatatu asubuhi nilibonyeza swichi kama kawaida. Feni ikazunguka kidogo ikanyamaza. Ikazunguka tena, ikanyamaza. Skrini nyeusi. Hata ule mlio mmoja wa kuamka haukuja.

Mzee alinitazama. Nikamwambia, "Itapona, Mzee," vile watu humwambia mgonjwa.

Kabla niolewe nilifanya kazi kwa cyber hapa town. Kubadilisha wino wa printa najua, kuweka Windows najua. Ila ndani ya mashine sikuwahi kugusa, nilimwachia fundi. Stima naiogopa tangu utotoni na sioni aibu kusema.

Nikampigia Wafula, yule fundi wa siku hizo za cyber. Akasema nianze na pawa saplai, kile kisanduku cha kuingizia mashine stima, kwa sababu hizo ndizo hufa kwanza. Akaniazima moja nzima. Nilichomoa mashine ukutani, nikangoja, nikangoja tena kwa uoga tu, halafu nikafungua. Nikabadilisha. Ikafanya vile vile: feni kidogo, kimya.

Jumanne nikahamia kwa RAM, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu. Nikazitoa, nikasugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, nikarudisha moja moja. Hakuna kitu. Ndipo Wafula akanipa jaribio la mwisho kwa simu.

"Toa RAM zote, halafu washa. Bodi, ile sahani kubwa inayobeba kila kitu, ikiwa hai lazima ilalamike, itapiga kelele. Ikinyamaza, jua ni yenyewe."

Nikawasha. Sijawahi kutamani kelele hivyo.

Kimya.

Nikamulika ndani kwa tochi ya simu. Kando ya prosesa, ule ubongo wa mashine, kuna kapasita, vidude kama vikopo vidogo vilivyosimama. Vichwa vyake vinafaa kuwa bapa. Hivi vilikuwa vimevimba kama soda iliyosahauliwa kwa friza, na kimoja kilikuwa kimetoa uchafu wa kahawia uliokauka. Nikapiga picha, nikamtumia.

"Atieno, hiyo motherboard imeenda," akasema. "Si ununue tu mashine ingine?"

Nikamweleza habari ya kibodi yenye bamba, na ule mdomo wake wa duara ambao mashine mpya hazina mahali pa kuuchomeka. Akafikiri. Akasema hata diski ikihamishwa kwa mashine ya aina nyingine inaweza kukataa kuwaka, kwa hivyo bora atafute bodi pacha ya ile.

Nikangoja.

Hakuna aliyeniambia vile nyumba inakuwa mtu mmoja akinyamazishwa. Nilikuwa nimezoea ile tak, tak ya kidole chake kutoka sebuleni. Bila hiyo nilikuwa nachungulia kila saa kuona kama anapumua. Nilianza kuogopa macho yake. Kwetu nililelewa kwamba baba mkwe humkazii macho, unapita kando kwa heshima. Sasa nilikuwa nayatafuta macho yake ndiyo nijue anataka nini, na sikuyaelewa.

Jana nilikata kifuniko cha katoni, nikaandika herufi zote kwa kalamu nene, nikamwekea magotini. Akaweka kidole kwa M. Akakaa sana. Akakivuta hadi K. Halafu mkono ukaanguka pajani.

"Mkate?" nikauliza.

Akafumba macho. Nikaleta mkate. Hakuutazama. Akagonga meza kwa ngumi, mara moja, bila nguvu, na mimi nikadhani ni hasira.

"Mzee, tafadhali, leo usinikasirikie," nikamwambia, nikatoka nikasimama nyuma ya nyumba karibu na kamba ya nguo mpaka nilipoacha kulia.

Angeweza kutikisa kichwa kama ningeuliza vizuri. Sikuuliza vizuri. Niliuliza mkate.

Leo asubuhi Wafula akapiga simu: bodi imepatikana, imetolewa kwa mashine ya ofisi iliyofungwa, namba ni ile ile. Yeye mwenyewe hangeweza kuja, wateja walikuwa wamejaa. Akaniambia nitaweza, atakuwa kwa video. Nikaibeba hadi nyumbani ikiwa imefungwa kwa gazeti ndani ya katoni, nimeikumbatia.

Nilifanyia kazi mezani sebuleni, Mzee kwa kiti chake akitazama. Nilipiga picha kila waya kabla ya kuugusa. Nikafungua skrubu, nikazipanga kwa kisahani. Bodi ya zamani ikatoka na manyoya ya vumbi.

Prosesa ndiyo iliyonitisha zaidi, kwa sababu ilibidi ihamie bodi nyingine. Unainua kijiti cha chuma pembeni, unaitoa kwa kucha, na chini yake kuna pini nyembamba kuliko nywele. Wafula akasema ukikunja moja tu, hakuna mtu Eldoret atakunyooshea.

"Angalia ile pembetatu kwa pembe. Ikae juu ya mwenzake. Usisukume, iachilie tu."

Nikaiachilia. Nikashusha kile kijiti na kikalia krrr. Wafula akacheka, akasema hulia hivyo hivyo. Nikaweka dawa ya kutoa joto juu ya prosesa, kiasi cha punje ya dengu, nikafunga feni juu yake. RAM. Diski. Zile waya ndogo za swichi ambazo zinataka macho ya mtoto. Nikamtazama Mzee. Jasho lilikuwa kwa paji la uso wake, na nikafikiri, hata yeye anaogopa, kuliko mimi.

Nikachomeka ukutani. Nikabonyeza.

Feni ikazunguka. Ikaendelea. Ikaendelea.

Halafu mlio mmoja.

Skrini ikaleta maandishi meupe kwamba saa imepotea, nibonyeze F1. Nikabonyeza. Windows ikaja, na picha yake ya shamba la mahindi, na mimi nikapiga kelele mpaka jirani akaita kutoka ng'ambo ya ukuta kuuliza kuna nini.

Nikamsogeza Mzee mezani. Nikafungua ukurasa. Nikamwekea mkono juu ya bamba, nikasimama nyuma yake nikitabasamu kama mtu aliyezaa.

aaaaaaaaa

Halafu hakuna. Halafu tt, halafu hakuna tena kwa muda mrefu.

Furaha ikanitoka yote. Nikajua bodi ni mbovu, au nimeharibu tundu la kibodi. Wafula akasema nizime, nichomoe kibodi, nirudishe, niwashe. Nikafanya. Mzee akaweka kidole. aaaaaaaa. Nikabonyeza herufi kadhaa mimi mwenyewe, zikaja sawa. Hiyo ndiyo ingenifungua macho. Lakini nilikuwa nimeshika bisibisi tayari, nimeshapiga magoti kufungua sanduku tena, nikiongea peke yangu, nikiomba, nikijilaumu.

Mzee akaguna. Kwa nguvu. Nikainua kichwa.

Aliniashiria kwa macho nitazame skrini. Akaanza kuandika, na sijawahi kuona kitu kirefu kama ile sentensi. Alikuwa akiinua kidole kama mtu anayeinua jiwe. Alikuwa akikosa, akirudia, akipumzika. Nilisimama na bisibisi mkononi nikisoma herufi moja baada ya nyingine.

atieno si mashine ni mkono

Halafu, baada ya kupumzika:

tangu jana mguu pia

Mkono wa kushoto. Mguu wa kushoto. Ule upande uliobaki.

Sikumbuki nilivyofika kwa mlango. Nakumbuka nikiita Mama Jerop, jirani yule wa ukutani, aje na gari, na nakumbuka tukimbeba Mzee mimi na yeye kwenye mvua. Sikuwahi kumgusa baba mkwe wangu hivyo, mikono yangu chini ya makwapa yake, kichwa chake kifuani kwangu. Hakukuwa na nafasi ya kuona haya. Nilikuwa nasema tu pole Mzee, pole, pole, na mashine tukaiacha mezani ikiwaka.

Daktari, mwanamke mpole anayeongea haraka, aliuliza kwanza hali hii imeanza lini. Nikasema jana. Akauliza nina hakika?

"Ameniambia mwenyewe," nikasema.

Wamempiga picha ya kichwa. Presha iko juu sana. Kuna damu imeganda mahali pengine, padogo, upande ambao haukuwa na shida. Wamemwanzishia dawa. Daktari hakunidanganya: alisema mkono unaweza kurudi, unaweza pia usirudi, na usiku huu hawataki kuahidi kitu.

Nilimpata Kiplagat kwa simu baada ya kujaribu sana. Laini ilikuwa inakatika. Nikamweleza kwa vipande. Akasema anakuja, na sauti yake ikavunjika kwa neno hilo moja. Miaka hii yote sijawahi kumsikia hivyo.

Niko nusu nikishukuru na nusu nikijilaumu. Jana alikuwa ananiambia. Nilikuwa na herufi mbili za kwanza za neno mkono na nikamletea mkate. Hiyo nitakaa nayo, sijui mpaka lini.

Saa hii nimetoka kwake. Amelala chali, macho wazi, yanatazama dari. Nesi amemfunika. Nilivuta kiti karibu, nikamwambia, Mzee, usisumbue kichwa, tutafanya hivi: ukisema ndiyo, fumba macho. Ukisema hapana, yaache wazi. Nitauliza moja moja, sitaharakisha.

Unataka maji? Yakabaki wazi.

Kichwa kinauma? Yakabaki wazi.

Unasikia baridi? Wazi.

Swali lililokuwa limebaki lilikuwa gumu kumwuliza mtu mzima, mwalimu, baba wa mume wangu. Nikaliuliza.

Unaogopa?

Akafumba macho. Akayaacha yamefungwa.

"Hata mimi," nikamwambia.

Tulikaa hivyo, mvua ikipiga mabati, hakuna aliyemficha mwenzake. Nesi amesema niende nyumbani nipumzike, saa za kuona wagonjwa zimeisha. Nimemwambia sawa, na nimekuja hapa kwa benchi. Siendi popote. Kukipambazuka daktari atamwambia ainue mkono wa kushoto, na sijui kama utainuka. Lakini akifumba macho, nataka nikae mahali nitakapoona.