Sadaka ya Hovik

Ejmiatsin, 9 Januari 1993

Mwanangu Hovik,

Salamu nyingi. U hali gani huko mpakani? Sisi tu wazima, ila baridi imetutia adabu: umeme hakuna, na kuni ni za kuokoteza.

Nimetoa sadaka ya kondoo kwa ajili yako. Najua hutolewa mtu akisharudi, na padri alinikumbusha. Nikamwambia woga wangu haungoji. Akaibariki chumvi ya kumlisha kondoo pale kanisani kwa Mtakatifu Hripsime, tukachinja, tukachemsha, nikawagawia majirani jua halijazama. Jirani yetu Bibi Arusyak alipopokea sahani, badala ya kusema "Sadaka ipokelewe," alisema, "Mungu aiangazie roho yake." Maneno ya msibani, mwanangu. Alijiziba mdomo, lakini yalikwisha toka.

Tangu hapo mlango ukigongwa tu, naogopa. Niandikie, hata neno moja.

Mama yako

Mpakani, 27 Januari

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mzima. Mwandiko huu ni wa rafiki yangu Gurgen, maana mkono wangu umeumia kidogo, usishtuke.

Bibi Arusyak msamehe. Tangu vita vianze amekula misibani mara nyingi mno, ulimi umezoea. Nikirudi nitamfundisha upya, anilipe peari zilizokaushwa. Nawe usichinje tena, kondoo wataisha kabla ya vita. Kula, ulale.

Mwanao, Hovik

Ejmiatsin, 15 Februari

Gurgen, mwanangu,

Salamu. Natumaini u mzima. Nakuandikia wewe, si Hovik.

Barua ilinichekesha. Nilimsomea Arusyak, akalia kwa furaha. Alipoondoka nikaisoma tena, nikakwama kwenye "Mama mpendwa." Hovik hajawahi kuniita Mama. Alilelewa na mama mkwe wangu, aliyeniita Bibi Harusi mpaka anakufa, na mtoto akalidaka hilo hilo. Nina mvi kichwa kizima, na bado huniita Bibi Harusi sokoni, watu wakacheka. Wewe uliona nimeandika "Mama yako," ukafuata hapo. Ungejuaje?

Sikulaumu, ulinihurumia. Lakini angekuwa anakutajia maneno, jina hilo lingetangulia.

Arusyak sijamwambia. Kila siku anauliza kama mmeandika, nami nasingizia theluji. Naogopa sana, ila naogopa zaidi kupata barua nyingine kama ile.

Niambie amelala wapi, na nani alimfumba macho.

Mama yake Hovik