Kwamboka Ameelewa, Mwalimu

Mwalimu wangu Bosibori,

Matokeo yametoka. Kwamboka amefaulu, na shule ya sekondari ya wasichana imemwita. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, hukuwa na subira na mtu anayezungukazunguka. Nakuandikia hata viatu sijavua. Njia nzima kutoka shuleni Nyaramba nilikuwa nikiongea nawe kwa sauti, hadi mama mmoja aliyekuwa akichuma majani chai akasimama kuniangalia. Nadhani bado anajiuliza.

Sasa keti nikueleze.

Tulikuzika mvua ikinyesha. Mwalimu mkuu alikusifu mbele ya watu wote, na kusema kweli alilia. Lakini wiki iliyofuata aliniita ofisini. Akaniambia wale watoto wa darasa la saba wanaoshindwa na hesabu watarudishwa la sita, wasije wakaharibu jina la shule kwenye mtihani. "Bosibori ndiye aliyekuwa akiwatetea," akasema, "na sasa hayupo."

Mwalimu, unajua jinsi nilivyokuwa. Miaka yote niliongea na yule mzee nikiwa nimejificha nyuma yako. Siku hiyo nilitazama pembeni kukutafuta, nikakuta kiti tu. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Nipe mimi hao watoto mpaka mwisho wa muhula."

"Wewe, Mokeira?"

"Mimi."

Akanitazama sana. "Sawa. Lakini wakishindwa, wewe mwenyewe utakwenda nyumbani kwao kuwaambia wazazi."

Nikatoka. Nilimfikiria zaidi Kwamboka. Baba yake alikuwa amekwisha kusema kwamba akirudishwa darasa hataona shule tena, atabaki kwenye chai mpaka aolewe. Na si mtu wa kusema maneno ya bure, yule.

Nilianza vibaya. Jioni baada ya masomo nilikuwa nawapeleka kanisani, kwa sababu darasani kulikuwa na kelele, na huko nikawapa kanuni za kujumlisha sehemu kwa Kiingereza kizuri cha chuoni. Wakaziimba kama wimbo. Nikiwapa hesabu yenyewe, wanakosa wote. Nikakumbuka mwaka wangu wa kwanza, ulipokaa dawati la nyuma kunisikiliza, ukiwa na chaki kwenye nywele na hindi la kuchoma mkononi. Uliniambia, "Umefundisha vizuri sana, mwanangu. Sasa tuone kama kuna aliyejifunza." Nilikukasirikia siku mbili tatu. Safari hii nilicheka peke yangu pale kanisani, watoto wakashangaa.

Nikaacha Kiingereza, nikaongea nao Ekegusii, lugha ya nyumbani kwao, kama ulivyokuwa ukifanya. Nikakata majani ya mgomba vipande vya urefu mmoja, kila mtoto akapata vyake, tukakunja. Nusu. Theluthi. Robo. Wengi wao, Mwalimu, hawakuwa wajinga hata kidogo. Walidhani moja juu ya nane ni kubwa kuliko moja juu ya nne, kwa sababu nane ni kubwa kuliko nne. Hakuna aliyewahi kuwauliza kwa nini wanafikiri hivyo. Wewe ungewauliza.

Akabaki Kwamboka tu. Nusu ukijumlisha na theluthi, yeye anaandika mbili juu ya tano. Juu na juu, chini na chini. Ukimsahihisha anaitikia kwa adabu, kesho anaandika vilevile. Nilikuwa nimeanza kupanga maneno ya kumwambia baba yake.

Jioni moja nikamwambia, "Usiandike. Nionyeshe hiyo mbili juu ya tano yako kwa jani." Akakunja jani sehemu tano, taratibu, ulimi nje, akachana vipande viwili. "Sasa weka nusu hapo kando." Akaweka. Akavisogeza, akavipima tena, kama mtu anayefikiri ameibiwa.

"Mwalimu," akasema, "mbona jibu ni fupi kuliko nusu? Si nusu ndiyo niliyoanza nayo? Nimejumlisha, halafu imepungua?"

Sikumjibu. Ilinibidi niume midomo nisimjibu, hilo ndilo somo gumu kuliko yote uliyonipa. Wenzake wakamzunguka. Alikaa pale, paji la uso limekunjamana, mpaka akasema polepole, "Vipande havilingani. Siwezi kuvihesabu pamoja kabla sijavilinganisha." Akachukua jani jipya, akalikunja sehemu sita. Nusu ikawa vitatu. Theluthi ikawa viwili. "Tano!" akapiga kelele. "Tano juu ya sita!" Kelele ile, Mwalimu, ndani ya kanisa! Mzee wa kanisa alikuja kuchungulia.

Mimi nilitoka nje nikasimama ukutani nikalia. Tangu tukuzike sikuwa nimelia sawasawa.

Mwisho wa muhula mwalimu mkuu alitunga jaribio mwenyewe, na hakuwaonea huruma. Alisahihisha mbele yangu, nami nimeshika pindo la sweta yangu. Alipomaliza akavua miwani. "Yule Bosibori alikuwa mkaidi," akasema. Nikajua watoto wamepona. Wote waliandikishwa kufanya mtihani.

Sitakudanganya, si wote waliofaulu huo mkubwa. Nyamweya ameshindwa, lakini ni Kiingereza kilichomwangusha, si hesabu, na leo ameniambia kwa mdomo wake kwamba atarudia. Hakuambiwa na mtu. Na baba yake Kwamboka alikuja shuleni amevaa koti la Sabato siku ya kazi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake. Kabla sijatoka shuleni nikasikia ameanza kuuliza watu sanduku la bati la kwenda nalo bwenini linauzwa wapi.

Ndivyo ilivyo. Mwaka mzima nimekuwa kama mtu aliyebeba mtungi kichwani akipanda kilima cha Manga, shingo imekaza. Leo nimeutua. Nitakula, nitaosha miguu, nitalala usingizi.

Mwalimu mkuu amenipa hesabu ya darasa la tano hadi la saba, kazi yako yote. Nimekubali. Nakuahidi jambo moja: mtoto akikosea mbele yangu, nitamuuliza kwanza alifikiri nini, kabla ya kumwambia ni kosa. Hata nikiwa nimechoka. Hata mkaguzi akiwa amekaa nyuma.

Pumzika sasa, mama yangu wa kazini, mpaka asubuhi ile ya ufufuo tunayoingoja sote. Watoto wako wamevuka.

Ni mimi,
Mokeira